Sura ya Tano: Nikipiga Simu, 4G Inakwenda Wapi?

Swali hili huulizwa zaidi na watu wanaofanya kazi kwa hotspot ya simu. Mwenye steshenari anamsaidia mwanafunzi kupakia vyeti vya maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta inakula intaneti ya simu yake mwenyewe, juu ya kioo pameandikwa 4G, faili linapanda bila shida. Mara mteja mwingine anapiga kuuliza kama kazi yake imeshachapwa. Simu inaita, 4G inafutika, inatokea H+ au, siku ikiwa mbaya, E. Faili linaganda katikati. Akishakata, sekunde kadhaa zinapita kabla 4G haijarudi, na huenda tovuti imeshamtoa, aanze upya.

Wengine hulaumu simu, wengine mnara, wengine kampuni ya laini. Wote hawako mbali sana na ukweli, ila chanzo chenyewe ni cha zamani zaidi. Mtandao wa 4G ulibuniwa bila njia ya kupigia simu kwa namna tuliyoizoea. Huo mnara mmoja unaouona kilimani umebeba mitandao miwili au mitatu iliyojengwa kwa fikra tofauti kabisa, na simu yako inarukaruka kati yake kutwa nzima bila kukuomba ruhusa.

Coaster ya kukodi

Tangu enzi za simu za waya, kupiga simu kulikuwa na maana ya kutengewa njia. Ukishaunganishwa, njia hiyo ni ya watu wawili tu kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama mmoja amekwenda kuangalia chungu jikoni na mwingine amekaa kimya anamsubiri. Mafundi huita njia hiyo ya kutengewa saketi.

Simu za mkononi za kizazi cha pili, yaani 2G, zilirithi utaratibu huo. Simu ya kwanza ya kibiashara katika mtandao wa GSM, ambao ndio 2G tunayoijua huku kwetu, ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991: waziri mkuu mstaafu Harri Holkeri alikuwa Helsinki akizungumza na kiongozi wa mji wa Tampere. Mawimbi yanayobeba sauti yaligawanywa kwa zamu, watu wanane kwenye mkondo mmoja, kila mmoja akipewa nafasi yake zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Nafasi yako ni yako mpaka ukate. Nafasi zote za mnara zikijaa, anayefuata hapati kitu. Ndiyo maana usiku wa mwaka mpya au mkesha wa Idi ulikuwa ukipiga mara tano ndipo uunganishwe.

Njia ya pili ilifikiriwa miaka ya 1960 na watu wawili wasiojuana, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Walisema: badala ya kutenga njia, tuukate ujumbe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani ya kinakokwenda, kisha kipite popote penye nafasi. Davies ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 pakiti za kwanza zilisafiri kati ya kompyuta mbili za California katika mtandao ulioitwa ARPANET, babu wa intaneti ya leo.

Fikiria ukoo wa Tanga unaokwenda harusini Moshi. Ukikodi Coaster, ni yenu kwa siku nzima, na viti vitupu mmevilipia. Mkiamua kila mtu apande basi lolote lenye nafasi, akiwa na anwani ya ukumbi mfukoni, gharama inashuka na mabasi yanajaa vizuri. Ila shangazi anaweza kufika kabla ya bibi harusi, na mjomba akapotelea Korogwe ikabidi atafutwe. Intaneti inafanya vivyo hivyo: pakiti hufika bila mpangilio, zikapangwa upya mwishoni, na iliyopotea ikaombwa tena.

Kanuni za kuandika anwani na kuielekeza pakiti kwenye kila njiapanda huitwa itifaki ya intaneti. Misingi yake iliandikwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974. Hapa pana jambo linalochanganya watu wengi, nami ningependa tulimalize mapema: mtandao kutumia itifaki ya intaneti si lazima upite kwenye intaneti ya wote, ile yenye YouTube na Facebook. Kampuni ya simu inaweza kuwa na pakiti zake, njia zake na anwani zake, zote zikizunguka ndani ya nyumba yake.

Herufi zilizo juu ya kioo

Historia yote ya mabadiliko haya unaitembeza mfukoni. Tazama pembeni mwa alama ya mawimbi:

- G. Hii ni 2G iliyobandikwa kiraka cha pakiti. Nafasi ambazo hazina mtu anayeongea ndizo zinazopewa data. Mnara ukijaa wapigaji, intaneti inabaki na makombo.
- E. Ni kiraka kilekile, kimeshonwa vizuri zaidi. Ujumbe wa WhatsApp unapita. Picha inapita kwa kusali.
- 3G, H na H+. Hapa palijengwa mitandao miwili chini ya paa moja: upande wa saketi kwa ajili ya sauti, upande wa pakiti kwa ajili ya data. Kampuni ya NTT DoCoMo ya Japani ilianza biashara ya 3G tarehe 1 Oktoba 2001. H na H+ ni 3G iliyoongezewa kasi.
- 4G au LTE. Upande wa saketi umeondolewa wote. Kila kitu ni pakiti. Ilianza kuuzwa Stockholm na Oslo tarehe 14 Desemba 2009, na wateja wa kwanza walipewa modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta, kwa kuwa simu za kuitumia zilikuwa bado.
- 5G. Inaendelea na njia ya 4G, kwa mawimbi mapana zaidi. Vodacom Tanzania iliizindua Septemba 2022, Safaricom ikafuata kibiashara Oktoba mwaka huohuo.

Kati ya zote, mapinduzi yalitokea kwenye ya nne. G, E na H zilikuwa data inayopangishwa chumba kwenye nyumba ya sauti. Kwenye 4G nyumba ni ya data, na sauti ikija inatakiwa ivae nguo za data ndipo iingie.

*Kwa ufupi: mtandao wa zamani hukutengea njia ukiongea, mtandao mpya hukata kila kitu vipande na kuvipitisha penye nafasi. 2G na 3G zina upande wa kutenga njia. 4G na 5G hazina.*

Simu inaporudi nyuma

Sasa tuone kinachotokea mtu anapokupigia ukiwa kwenye 4G. Mtandao wa 4G unapokea taarifa kwamba una mgeni, lakini hauna saketi ya kumpitishia. Unaiambia simu yako: shuka kwenye 3G au 2G, mgeni wako yuko huko. Simu inaachia 4G, inatafuta mawimbi ya zamani, inajitambulisha, ndipo inaanza kuita. Ule ukimya wa sekunde kadhaa baada ya kubonyeza kitufe cha kupiga, unaowafanya watu waitoe simu sikioni kuangalia kama imekwenda, ndiyo safari hiyo.

Ikishukia kwenye 3G, data inaendelea kwa mwendo wa H+. Ikishukia kwenye 2G, kwa kawaida data inasimama kabisa mpaka umalize kuongea, na yeyote aliyeunganishwa na hotspot yako anabaki kuangalia duara likizunguka.

Jaribu jambo jingine ambalo wengi hawajaligundua. Ukiwa kwenye 4G, fungua menyu ya M-Pesa kwa *150*00# ukiwa Tanzania, huku macho yako yakiwa juu ya kioo. Kwenye simu nyingi herufi itabadilika vilevile. Menyu hizo za nyota na alama ya reli huitwa USSD, na zilizaliwa ndani ya 2G. Zinapita kwenye njia nyembamba ambayo mtandao hutumia kuzungumza na simu yako kuhusu mambo yake wenyewe, kama vile uko mnara gani na nani anakupigia. Ukurasa mmoja wa menyu hauzidi herufi 182, ndiyo sababu maneno yake yamekatwakatwa kama telegramu. Na kwa kuwa mtandao hukushikia mlango wakati wote unaochagua, ukichelewa kukumbuka namba ya siri unatolewa nje.

Kwa hiyo mtu mwenye simu ya laki nane, akiwa Posta, katikati ya Dar es Salaam, akitaka kumtumia mama yake elfu kumi kwa menyu, simu yake inarudi kwenye teknolojia ya miaka ya 1990.

Sauti inapovaa nguo za data

Dawa ya kurukaruka ipo, na inaitwa VoLTE, yaani sauti juu ya LTE. Agosti 2012 ilianza kuuzwa Korea Kusini na, huko Marekani, katika mji wa Dallas kupitia kampuni ya MetroPCS. Sauti yako inakatwa kila baada ya sehemu ya hamsini ya sekunde, inafungwa kwenye pakiti, inatumwa. Pakiti hamsini kwa kila sekunde ya mazungumzo.

Hapa wahandisi walikutana na kichekesho. Kipande cha sauti cha urefu huo kina baiti kama 32 tu, baiti moja ikiwa takriban nafasi ya herufi moja. Anwani inayobandikwa juu yake, ikiandikwa kwa utaratibu mpya wa itifaki ya intaneti, ina baiti 60. Bahasha nzito kuliko barua! Ikabidi ibuniwe njia ya kuikunja anwani, kwa kuwa baada ya pakiti ya kwanza mnara unajua tayari wewe ni nani na unaongea na nani. Baiti 60 zikapungua hadi chache tu. Bila kazi hiyo isiyoonekana, kupiga simu kwenye 4G kungepoteza mawimbi mengi kubeba anwani tu.

Tofauti ya VoLTE na simu ya WhatsApp ni heshima inayopewa njiani. Pakiti za WhatsApp zinapanga foleni na video za jirani yako. Pakiti za VoLTE kampuni inazijua na inazipisha mbele, kwa hiyo sauti haikatiki kirahisi hata mnara ukiwa na watu wengi. Tena sauti yenyewe ni pana zaidi. Simu ya zamani ilibana sauti ya binadamu isipite takriban mitetemo 3,400 kwa sekunde, na herufi kama s na f hutofautiana juu ya hapo. Ukimwambia mtu jina Saida, akaandika Faida, masikio yake hayana kosa. Kwenye VoLTE mpaka umesogezwa hadi kama 7,000, na majina yanafika kama yalivyotamkwa.

Kwa nini basi huipati? Sababu huwa moja kati ya tatu: kampuni yako haijaiwasha eneo lako, simu yako haina uwezo huo, au simu ina uwezo lakini kampuni haijaiingiza kwenye orodha ya simu ilizozikubali. Hiyo ya tatu ndiyo inayouma. Simu nyingi za mkono wa pili zinazoletwa kutoka Dubai zilitengenezwa kwa ajili ya mitandao ya kwingine. Zinapata data ya 4G safi kabisa, lakini mipangilio ya sauti iliyomo ndani haiutambui mtandao wa hapa.

Ukinunua simu Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, weka laini yako kabla hujatoa pesa, tafuta kwenye mipangilio ya laini kitufe kilichoandikwa VoLTE au simu za 4G, kiwashe, kisha mpigie mtu. Herufi ikibaki 4G hadi mwisho wa mazungumzo, imekubali.

Vijana wana ujanja wao wa kubonyeza *#*#4636#*#* kwenye simu za Android, kuingia menyu iliyofichwa na kuilazimisha simu ikae kwenye LTE pekee, ili intaneti isishuke. Kasi wanaipata. Halafu nyumbani wanalalamikiwa kutwa nzima kwamba hawapatikani. Simu isiyo na VoLTE ikifungiwa kwenye 4G pekee haiwezi kupokea wala kupiga, maana imekatazwa kushuka mahali ambapo wapigaji wanapita.

Mbona bando linaisha haraka?

Hili huulizwa mara tu mtu anapohamia 4G, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Tofautisha vipimo viwili. Bando linauzwa kwa megabaiti au gigabaiti, yaani wingi. Kasi inatangazwa kwa megabiti kwa sekunde, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde ukitumika mfululizo unamaliza gigabaiti moja kwa dakika 13 na kidogo. Ule wa megabiti mbili unahitaji zaidi ya saa nzima.

Kasi peke yake haikuongezei matumizi. Faili la megabaiti 20 ni megabaiti 20 popote. Lakini video za siku hizi zinapima njia kwanza. Zikiona njia ni pana, zinajipandisha ubora, na dakika ileile ya muziki inakula mara kadhaa ya ilichokula kwenye H. Shusha ubora wa video kwa mkono wako na uzuie programu zisijisasishe zenyewe kwenye data ya simu. Malalamiko mengi yataishia hapo.

Sauti yenyewe ni nyepesi mno. Sauti ya 2G ilikwenda kwa biti 13,000 kwa sekunde. Dakika nzima ya kuongea haifiki sehemu ya kumi ya megabaiti kwa kila upande. Tukiisha kujua hilo, ni halali kuuliza kwa nini dakika bado zinauzwa kando na data. Jibu langu ni kwamba bei hizo zinafuata mazoea ya biashara kuliko uzito wa mzigo.

Nyuma ya mnara

Mnara unaweza kuwa na antena za 4G zinazong'aa na bado ukatoa intaneti ya konokono. Antena ni mdomo tu. Swali ni mnara unalishwa na nini. Minara ya 2G ililishwa kwa mikondo ya megabiti mbili, ambayo kwenye simu za waya kila mmoja ulitosha sauti 30. Ngoma nyeupe za mviringo unazoziona juu ya minara ndizo zinazorusha mikondo hiyo kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Kituo cha 4G kinahitaji mamia ya megabiti, na zaidi ya hapo kinahitaji mfumo wa pakiti kuanzia kilimani hadi makao makuu. Ngoma za zamani zimebadilishwa, na palipowezekana zimefukiwa nyaya za mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania ulianza kujengwa 2009. Kenya nayo ilisambaza mkongo wake hadi makao makuu ya wilaya za wakati huo.

Mwaka huo 2009 ulikuwa wa aina yake. Kabla yake, Kenya na Tanzania ziliishi kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita kama 36,000 angani. Kwenda na kurudi kwa swali na jibu kulichukua nusu sekunde au zaidi, hata mawimbi yakienda kwa kasi ya mwanga. Kisha nyaya za baharini TEAMS na SEACOM zikafika pwani yetu ndani ya miezi michache, EASSy ikafuata 2010. Bila nyaya hizo, kuweka 4G kungekuwa kujenga barabara ya njia sita inayoishia kwenye daraja la miti.

Tulikumbushwa umuhimu wa nyaya hizo tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. WhatsApp iligoma, mitandao ya kijamii ikanyamaza, na watu wakarudi kupigiana simu za kawaida ndani ya nchi, ambazo hazikuwa na haja ya kuvuka bahari.

*Kwa ufupi: kasi unayoipata ni ya sehemu nyembamba kuliko zote katika safari: simu yako, mawimbi, njia ya kulisha mnara, mkongo wa nchi kavu na waya wa baharini.*

Waliojaribu kuruka hatua

Kama 4G inafanya kila kitu, kwa nini kampuni isijenge 4G peke yake? Wapo waliothubutu.

India ndiyo hadithi kubwa. Septemba 2016 kampuni ya Jio iliingia sokoni bila 2G wala 3G. Simu za sauti ilizifanya bure, maana kwake sauti ni pakiti kama nyingine. Kufikia Februari 2017 ilikuwa na wateja milioni 100. Lakini kikwazo chake cha kwanza kilikuwa mfukoni mwa mteja: mamilioni ya Wahindi walikuwa na simu zisizo na VoLTE. Jio ikauza simu zake, ikatengeneza programu ya kupigia kwenye simu za 4G zisizo na uwezo huo, na mwaka 2017 ikaleta JioPhone, simu ya vitufe yenye 4G ndani, kwa amana ya rupia 1,500. Ilikuwa na mtaji wa kubeba gharama hizo kwa miaka, jambo ambalo si kila kampuni inaliweza.

Kenya ilikuwa na Faiba 4G ya Jamii Telecommunications, iliyozinduliwa Desemba 2017, nayo ya 4G tupu. Bei za data zilivutia. Simu nyingi za Wakenya hazikuwa na mawimbi yake ya megahezi 700 wala VoLTE inayokubalika, na laini nyingi zikaishia kwenye vile vikasha vya mfukoni vya kugawa intaneti.

Rwanda ilichukua njia tofauti. Serikali iliungana na kampuni ya KT ya Korea kujenga mtandao mmoja wa 4G wa jumla, ulioanza Kigali Novemba 2014, na kampuni za simu zikanunua data kwake na kuwauzia wananchi. Mtandao ulienea nchi karibu nzima. Sauti ilibaki kwenye mitandao ya zamani ya kampuni hizo, na kampuni zenyewe hazikuwa na hamu kubwa ya kuuza bidhaa ya mwingine. Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa na MTN Rwanda ikawasha 4G yake. Ukiuliza maoni yangu, Rwanda ilitatua tatizo la minara kabla ya tatizo la simu na bei, na minara ikasubiri wateja.

Minara huonekana, simu za watu hazionekani, ndiyo maana wanasiasa hupenda kuhesabu minara. Simu zenyewe ni zile za vitufe: vitochi mkoani, kabambe kule Kenya. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, kinadondoka kikaokotwa, kinamulika njia ya chooni usiku. Simu janja za kwanza kuunganishwa kwenye kiwanda cha Athi River kilichofunguliwa Oktoba 2023 zilianzia shilingi 7,499 za Kenya. Kwa mkulima mwenye kabambe inayofanya kazi, hiyo ni pesa ya mbolea.

Nani azimwe kwanza?

Kuendesha mitandao mitatu kwenye mnara mmoja ni ghali: umeme au dizeli, vipuri, na zaidi ya yote mawimbi, ambayo hayaongezeki. Ndiyo maana duniani kote kampuni zinazima za zamani. Pia 2G ina tundu la kiusalama, kwa kuwa simu inajitambulisha kwa mnara lakini mnara haujitambulishi kwa simu, na matapeli wenye mnara bandia wanalijua.

Watu hudhani 2G ndiyo itatangulia, kwa kuwa ni kongwe. Sehemu kubwa ya Ulaya imefanya kinyume. Uingereza imekuwa ikizima 3G na kuiacha 2G, ambayo kampuni zimekubali kuiondoa ifikapo 2033. 3G imebanwa katikati: data imehamia 4G, na simu za vitufe na vifaa vidogo vimebaki 2G. Aina mpya za magari ya Ulaya zinalazimika tangu Machi 2018 kuwa na mfumo unaopiga wenyewe simu ya dharura baada ya ajali, na magari mengi yalitoka kiwandani yakitegemea mitandao ya zamani.

Huku kwetu vifaa vya namna hiyo viko dukani na juu ya paa. Mashine ya EFD inayotoa risiti ina laini ndani yake. Mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, kama ya M-Kopa, ina laini ndani yake. Mifumo ya kufuatilia mabasi ina laini. Yote hiyo inatuma data kiduchu, na mingi ilinunuliwa wakati 2G ilipokuwa ndiyo rahisi.

Australia ilionyesha madhara ya kuharakisha. Ilipokaribia kuzima 3G, iligundulika kwamba simu fulani za 4G, hata zenye VoLTE, zilikuwa zikishuka kwenye 3G pale tu mwenye simu anapopiga namba ya dharura 000. Mtu angeweza kuongea na jirani vizuri, kisha siku ya moto asipate zimamoto. Kuzima kukasogezwa hadi mwisho wa Oktoba 2024, na kampuni zikaamriwa zikatae kuhudumia simu hizo.

Japani nayo ilionyesha kwamba mtandao wa pakiti tupu una udhaifu wake. Tarehe 2 Julai 2022 mafundi wa KDDI walikuwa wakibadilisha kifaa cha kuelekeza pakiti. Simu za VoLTE zilikwama kwa dakika kama 15. Ziliporudi, mamilioni ya simu zilijiandikisha upya kwa wakati mmoja, zikauzidi nguvu mfumo, na hali ikaendelea kwa zaidi ya saa 60, ikigusa laini kufikia milioni 39. Mashine za kutolea pesa na taarifa za hali ya hewa ziliathirika, na namba za dharura hazikushika. 3G ya KDDI ilikuwa imezimwa Machi mwaka huohuo, kwa hiyo hapakuwa na pa kushukia.

Kwa upande wangu, 3G iondoke mapema na mawimbi yake yapewe 4G, na 2G ibaki kwa mkondo mwembamba hata kama wahasibu wa kampuni watanung'unika. Kabla TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hazijaruhusu kampuni yoyote kuizima, zingeidai kwanza majaribio ya wazi ya simu ya 112 kutoka kwenye simu za bei ya chini kabisa sokoni. Zingetaka pia menyu za pesa zifanye kazi kwenye 4G bila kushuka, jambo ambalo kiufundi linawezekana kama kampuni na watengenezaji wa simu wakiwekeza. Na mwenye duka mwenye EFD ya 2G angetakiwa ajulishwe mapema, kwa maandishi, nani anamlipia mashine mpya.